Reli ya Darjeeling na Jina la Mchezo

Aionaye kwa mara ya kwanza picha ya mzunguko wa Batasia, katika milima ya Darjeeling huko Bara Hindi, hudhani ni kazi ya mtoto aliyepanga reli zake za bati juu ya meza. Njia yapita juu ya njia yenyewe, bustani ya maua imo katikati, na gari la moshi dogo lavuka pale pale lilipopita punde hivi. Hata leo watu huliita gari la moshi la kuchezea. Jina hilo lapendeza, lakini sisi twaona lina dhuluma ndani yake.

Maana reli hiyo ilizaliwa na bei ya chakula. Mchele ulionunuliwa Siliguri, chini ya milima, ulipofika Darjeeling bei yake ilikuwa imezidi mara mbili, kwa kuwa ulipandishwa kwa magari ya kukokotwa na wanyama. Ndipo Franklin Prestage, wa reli ya Eastern Bengal, alipotoa shauri la kulaza reli nyembamba kando ya barabara ile ile ya magari. Kazi ilianza mwaka 1879, na mwaka 1881 gari likafika Darjeeling.

Upana wa njia ni futi 2 tu, nayo Reli ya Uganda ni mita 1. Wembamba huo si uchache wa fedha peke yake: njia nyembamba yakubali kupinda kwa ukali ubavuni mwa mlima. Tena gurudumu la chuma juu ya chuma huteleza upesi, basi mwinuko hauna budi kuwa wa polepole. Mlima haupunguzwi kimo. Kilichobaki ni kuirefusha njia, na mzunguko ndio urefu uliokunjwa mahali padogo. Pasipokuwa na nafasi hata ya mzunguko, gari hupanda hadi mwisho wa njia, reli za kugeuzia zikabadilishwa, likapanda kinyumenyume kipande cha pili, kisha likaelekea mbele tena. Mgeni hucheka, kumbe amekwisha kupandishwa. Penye utelezi, watu huketi mbele ya injini wakimwaga mchanga juu ya reli. Kazi hiyo, wakati wa mvua na ukungu, hatudhani ni ya kuchezea.

Wajenzi wa Reli ya Uganda walikutana na shida iyo hiyo kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Kikuyu. Wao kwa muda waliyashusha mabehewa kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipokuwa tayari.

Batasia yenyewe haikuwako tangu mwanzo. Ilijengwa mwaka 1919, ili kupunguza ukali wa mteremko kati ya Ghum, stesheni iliyo juu kuliko zote, futi 7,407, na Darjeeling. Katikati ya mzunguko, tangu 1995, pana mnara wa ukumbusho wa askari wa Kigorkha waliokufa vitani. Wapigao picha za gari dogo huusimamia mgongo.

Mwaka 1999 UNESCO iliiandika reli hii katika urithi wa dunia. Mwaka 2010 mlima uliporomoka huko Paglajhora ukaikata njia, na gari halikupita moja kwa moja hata 2015. Sasa abiria wengi ni watalii, waendao Ghum na kurudi. Mchele hupanda kwa malori.