Namna Mbɔtɛ ilipata fasi juu ya dirisha

Wandugu, leo historia fupi ya kitu tunaonaga kila siku bila kukiuliza: jina lenye kuandikwa juu ya dirisha ku ekrani.

Kwa TFC yangu nilitengeneza programu ndogo ya kufundisha Lingala, ku Linux, na Xlib. Nikaipa jina «Mbɔtɛ», nikaita XStoreName, nikafungua. Ku fasi ya ɔ na ya ɛ kukatokea É na alama ya ajabu. Directeur akacheka: «Njo lugha gani hii?»

Jibu lilinirudisha mbali. X ilianza mwaka 1984 kule MIT, Marekani, na Bob Scheifler. X11 ikatoka 1987. Wenye kuijenga walikata shauri moja: seva itachora madirisha, lakini mambo ya ndani ya programu haitayaamua. Kila dirisha linaweza kubeba «sifa»: kila sifa iko na jina, aina, na data ya biti 8, 16 ao 32. XChangeProperty inaiweka ao kuiongeza. XGetWindowProperty inaisoma, na inaomba vitu 12, mpaka inachosha! Seva yenyewe ni mubeba barua tu, haifunguake bahasha.

Basi mwenye kutuma na mwenye kupokea lazima wapatane. Mapatano yao ya mwisho wa miaka ya 1980 yanaitwa ICCCM. Aina STRING, ile XStoreName inatumia kwa WM_NAME, ilifuata Latin-1, herufi za Ulaya ya Magharibi. é na ç zikapata fasi. ɛ na ɔ zetu, hapana. Hata œ ya Wafaransa ilibaki inje!

Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakabuni UTF-8. Nyuma yake watengenezaji wakapatana sifa mpya, _NET_WM_NAME, yenye aina UTF8_STRING. Seva haikuomba kuandikwa upya, juu tangu mwanzo haikusomaga barua.

Nikaongeza mistari michache: XChangeProperty, sifa ile, aina ile, biti 8. Mbɔtɛ ikatokea safi.

Kumbe si mashini iliyotufungia mlango. Ni karatasi ya mapatano, na hatukukuwa ku meza. Ninyi wenye kuandikaga programu, mukiitwa ku meza ya namna ile, ulizeni mapema: herufi zetu ziko wapi?