Ukaguzi wa Fomu Si Uthibitishaji
Dhana ya jamii za vitu katika programu ilitoka Norwe, katika lugha ya Simula 67 ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard. Wanaoiita "darasa" wanapotosha. Humo hamna mwalimu wala mwanafunzi. Siku hizi kanuni za kukagua fomu za wavuti nazo huwekwa katika jamii yake. JavaScript ya mwaka 1995 iliwezesha kivinjari kukamata kosa mapema, lakini ukaguzi huo mtu aweza kuuzima, hivyo seva haina budi kukagua tena.

Je, tuuite uthibitishaji? Hasha. Programu hutazama kwamba tarehe ina umbo la tarehe. Haijui kama mtu alizaliwa siku hiyo. Hata "uhakiki", maofisini, ni wa vyeti. Yafaa tuseme "ukaguzi", maana karani asomaye "imethibitishwa" huenda asidai cheti cha kuzaliwa.