Mboko na Okutoyi: kipaji cha mtoto, mzigo wa nani?

Uvira, Mulongwe. – Mwezi wa saba 2022, kule Wimbledon, Uingereza, mabinti wanne waliingia uwanjani kwa fainali ya tenisi ya vijana, wawili kwa wawili. Upande mmoja Angella Okutoyi wa Kenya, miaka 18, na mwenzake Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Upande wa pili Wakanada, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko alikuwa na miaka 15 tu. Okutoyi na mwenzake walipoteza seti ya kwanza 3-6, wakachukua ya pili 6-4, kisha wakamaliza kwa 11-9. Pointi mbili tu ziliwatenganisha. Okutoyi akawa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mashindano makubwa ya Grand Slam, upande wa vijana.

Kwa wakaaji wa Uvira, mchezo huo haukuwa wa mbali. Jina Mboko ni la Kongo. Baba yake, Cyprien Mboko, na mama yake, Godée Kitadi, waliondoka Kinshasa mwaka 1999 kwa sababu ya machafuko ya kisiasa. Mwaka huo huo Uvira ilikuwa mikononi mwa waasi, na familia nyingi za hapa zilikuwa zimevuka ziwa kuelekea makambi ya Tanzania. Victoria alizaliwa Charlotte, Marekani, mwezi wa nane 2006, kitinda mimba kati ya watoto wanne. Baadaye familia ikahamia Kanada. Ndugu zake wakubwa walicheza tenisi kabla yake, naye akawafuata uwanjani.

Okutoyi naye alipita karibu zaidi na sisi. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa yeye na pacha wake. Bibi yao, aliyekuwa akifanya usafi katika shule moja ya Nairobi, ndiye aliyewalea, na Angella alishika raketi kwenye kiwanja cha shule hiyo hiyo akiwa bado mtoto mdogo. Kipaji kilipoonekana, alipelekwa Bujumbura, kwenye kituo cha mazoezi cha Shirikisho la Tenisi la Kimataifa, ng'ambo ya ziwa, mji ambao taa zake huonekana usiku kutoka kwenye fukwe zetu. Baadaye akaenda Morocco. Njia ya Morocco ilikuwa imepitwa pia na Sada Nahimana, mzaliwa wa Bujumbura mwaka 2001, ambaye leo ni mchezaji wa kulipwa.

Hapo ndipo penye sehemu ngumu. Mtoto akishinda, watu husema ana bahati. Wachache huuliza nini kinafuata.

Mchezaji wa tenisi hana klabu inayomlipa mshahara kila mwezi kama mchezaji wa mpira wa miguu. Tiketi ya ndege, hoteli, kocha na matibabu ni juu yake mwenyewe au familia yake. Mashindano ya ngazi ya chini kabisa ya wanawake yana zawadi ya dola 15,000, na hizo ni za kugawana wachezaji wote. Anayetoka raundi ya kwanza anaweza kurudi nyumbani na deni. Kwa hiyo mtoto huanza kucheza akijua kwamba nyuma yake kuna watu wanaosubiri.

Historia ilishatoa onyo. Mwezi wa tatu 1990, Jennifer Capriati wa Marekani aliingia mashindano ya kulipwa kabla ya kutimiza miaka 14. Alishafunga mikataba ya matangazo ya mamilioni ya dola. Mwaka 1992 alipata dhahabu ya Olimpiki huko Barcelona. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 17, aliacha kucheza, amechoka. Ilimchukua miaka mingi kurudi, mpaka aliposhinda mashindano ya Australia mwaka 2001. Mwaka 1995 wakuu wa tenisi ya wanawake walikuwa wameshaweka sheria: asiyefikisha miaka 14 haruhusiwi kwenye mashindano ya kulipwa, na tangu hapo idadi ya mashindano yake huongezeka polepole hadi atimize miaka 18. Sheria hiyo iliwekwa kumlinda mtoto dhidi ya haraka ya watu wazima.

Mabinti wawili wa Wimbledon walifuata njia tofauti. Okutoyi alichagua chuo kikuu cha Auburn, Marekani, akasoma huku akicheza. Mwezi wa tatu 2024 alichukua dhahabu ya Michezo ya Afrika huko Accra. Lakini hakwenda Olimpiki ya Paris, kwa kuwa nafasi yake kwenye orodha ya dunia haikutosha. Masomo yalimpa kitu mkononi, yakachukua pia muda wa kutafuta pointi.

Mboko alishika njia ya kulipwa. Mwaka 2024 goti lilimsumbua. Alianza 2025 akiwa nje ya wachezaji 300 bora. Mwezi wa nane, huko Montreal, akiwa wa 85, alimfunga Coco Gauff. Kwenye nusu fainali alianguka akaumia kifundo cha mkono, akabakiwa na pointi moja kutolewa na Elena Rybakina, lakini akashinda. Kwenye fainali alimfunga Naomi Osaka 2-6, 6-4, 6-1. Alikuwa na miaka 18, na zawadi ilipita dola 750,000. Wiki chache baadaye, kwenye mashindano makubwa ya Marekani, alitolewa raundi ya kwanza. Mwezi wa kumi na moja akanyanyuka tena, akashinda Hong Kong.

Katika Uvira, wenye vipaji hawakosekani, hata baada ya mafuriko ya mto Mulongwe ya mwezi wa nne 2020, na hata baada ya vita kuwavusha wengi mpaka Burundi. Mtoto anayecheza vizuri kambini hukutana mapema na watu wenye ahadi: nitampeleka Ulaya, nipeni karatasi zake. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutia sahihi. Nani analipa safari, na akiumia nani anamtibu? Atasoma wapi? Asiposhinda, anarudi kwa njia gani?

Bibi wa Nairobi alifanya usafi, na wazazi wa Mboko walianza maisha upya ugenini. Katika nyumba zote mbili, watu wazima waliendelea kubeba mzigo wa nyumba wakati mtoto anajifunza kupiga mpira.