Sarafu Iliyopungua Bila Kuguswa

Natumaini mmekwisha kaa, na mwalimu wenu yupo. Mmoja wenu atoe sarafu mfukoni, aishike mbele ya wenzake. Asiogope, atarudishiwa.

Je, mwaweza kuifanya sarafu hiyo iwe ndogo bila kuikata wala kuiyeyusha? Mhunzi atasema, nikiipiga nyundo itapanuka, haitapungua. Ni kweli. Lakini huko Marekani wako watu waliochukua sarafu ya robo dola, yenye upana wa milimita 24 hivi, wakaifanya ndogo kuliko sarafu ya senti 10 ya huko, ambayo haifiki milimita 18. Picha na maandishi yalibaki yakisomeka, ila yamekuwa madogo. Wala hapana nyundo wala koleo lililoigusa.

Habari hii tuianzie mbali, Australia. Mwaka 1905 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Sydney, Pollock na Barraclough, waliandika juu ya kipande cha bomba la shaba kilichotoka kiwanda cha mafuta ya taa cha Hartley Vale. Bomba hilo liliwekwa kukinga radi. Radi ikapiga, na bomba likaonekana limebonyea ndani kama muwa uliopita kinuni. Nani aliyelibana?

Walijibu hivi. Umeme ukipita katika nyaya mbili kuelekea upande mmoja, nyaya hizo huvutana. Jambo hilo Mfaransa Ampère alikwisha lionyesha mwaka 1820. Basi bomba ni kama nyaya nyingi zilizosimama duara. Umeme wa radi ulipopita, zote zilivutana kwa pamoja, na bomba likajibana lenyewe.

Lakini sarafu yetu haikupigwa na radi. Hapa twamhitaji Michael Faraday wa London, mtoto wa mhunzi, ambaye hakusoma shule sana. Alijifunza mengi katika vitabu alivyokuwa akivijalidi kwa bwana wake. Nyinyi mnaosoma jioni baada ya kazi mtamwelewa mtu huyo. Mwaka 1831 aligundua kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na madini, umeme huzaliwa ndani ya madini hayo hata yasipoguswa. Na umeme huo hupita kinyume cha ule uliouzaa. Mikondo inayopita upande mmoja huvutana. Inayopita kinyume husukumana. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Ilibaki shida moja: waya unaotoa nguvu kubwa ya sumaku huungua kwa joto. Mwaka 1924 Mrusi mmoja aliyekuwa Cambridge, Pyotr Kapitza, alipata shauri: umeme upite kwa kitambo kidogo mno, joto lisipate nafasi. Baadaye alipata mashine kubwa, akaweka waya wake mita 20 mbali nayo, ili jaribio, lililochukua sehemu moja ya mia ya sekunde, liishe kabla mtikisiko wa mashine haujafika. Mwaka 1934 alikwenda kwao kutembea, na serikali ya Urusi ikamkataza kurudi Uingereza. Vyombo vyake ndivyo vilivyomfuata.

Viwanda navyo vilijifunza. Mwaka 1958 Harvey na Brower, wa kampuni ya General Dynamics huko Marekani, waliomba haki ya uvumbuzi wa mashine ya kufinyanga madini kwa nguvu ya sumaku, wakaipata mwaka 1961. Mashine kama hizo hubana mabomba ya aluminiamu bila moto.

Sasa sarafu. Huzungushiwa waya mnene wa shaba mara chache, ikatiwa ndani ya sanduku imara. Umeme hukusanywa kwanza katika vyombo viitwavyo kapasita, kama maji mtungini, kisha hufunguliwa wote mara moja. Mkondo waweza kufika ampia 100,000. Taa ya nyumbani ya wati 60 hutumia kama robo ampia tu. Umeme wa kinyume huzaliwa ndani ya sarafu, nao na waya husukumana. Sarafu husukumwa ndani. Waya husukumwa nje, ukapasuka vipande vipande kwa mshindo kama wa bunduki. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho.

Sisemi haya ili mtu ajaribu. Kapasita huweza kuua hata baada ya mashine kuzimwa na waya wake kuchomolewa ukutani.

Mwaweza kuuliza, je, si wizi huu? Zamani wezi walikwangua kingo za sarafu za fedha wakauza unga wake, na sarafu zikapungua uzito. Sheria ya Marekani hukataza kuharibu sarafu kwa nia ya kudanganya. Sheria za nchi nyingine si lazima zifanane nayo. Lakini robo dola yetu ukiipima kabla ni gramu 5.67, na ukiipima baadaye ni gramu 5.67. Upana umepungua, unene umezidi.

Sasa mrudishieni mwenzenu sarafu yake.