Pawasoo kuukuu na msitu wa Mau

Haya wandugu, leo tuiache kompyuta kidogo. Wanaonifahamu hapa Nakuru wanajua kwamba mchana naandika programu na jioni nafungua pawasoo kuukuu. Nanunua zile zilizotupwa nyuma ya stoo, nazisafisha, nazifufua. Msomaji mmoja ameniuliza, kwa kejeli kidogo, kama sioni haya kufufua mashine zilizoimaliza Mau. Swali zuri. Jibu lake ni refu na linaanzia mbali, kwa hiyo vuta kiti.

Kwanza jina. Vitabuni utakuta "msumeno wa mnyororo". Huku kwetu ukimwambia fundi hivyo atakutazama mara mbili. Ni pawasoo, basi, na hapa nitaiita hivyo.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na Desemba 1901 ikafika Kisumu baada ya kupanda na kuushuka mlima wa Mau. Magarimoshi yale yalikula kuni. Palipopita reli, miti ilianguka, na iliangushwa kwa shoka na kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja huku mwingine kule, vuta nikuvute. Idara ya Misitu ilianzishwa mwaka 1902, lakini upande wa Lembus, karibu na Eldama Ravine, eneo kubwa la msitu lilikuja kuahidiwa Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyesifika kwa kutembea kutoka kusini mwa Afrika hadi Misri. Baadaye Equator Saw Mills ndio waliovuna huko. Mitarakwa ilipasuliwa kuwa nguzo za ua za walowezi, kwa sababu mchwa hawaipendi, na mingine ikakatwa vibao vyembamba vya kutengenezea penseli ng'ambo. Nikiwaza watoto wa Ulaya wakichonga penseli zilizotoka Mau nacheka kidogo, halafu siendelei kucheka.

Yote hayo yalitokea kabla pawasoo haijafika. Hilo ndilo jambo la kwanza la kumjibu rafiki yangu. Sehemu kubwa ya msitu wa asili wa kando ya reli ilitolewa na mikono ya watu, ng'ombe wa kuvuta magogo na injini za mvuke viwandani.

Wakati huohuo Ujerumani walikuwa wanahangaika na mashine. Mwaka 1926 Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa mnyororo wa umeme. Mwaka 1927 Emil Lerp aliujaribu wake wa petroli kwenye mlima unaoitwa Dolmar, na kampuni yake ikachukua jina la mlima. Mwaka 1929 Stihl naye akatoa wa petroli. Usidhani ni kitu cha kubeba begani! Ulikuwa na kilo 46 na ulitaka watu wawili. Tena kabureta za wakati ule zilikuwa na boya ndani, kama ya gari au pikipiki. Ukiinamisha injini, boya linapotea njia, petroli inamwagika au inakatika, injini inazima. Mti haukatwi kwa msimamo mmoja. Ilibidi watengenezaji wabuni njia za kuugeuza msumeno huku injini imebaki wima.

Dawa ilikuwa kabureta isiyo na boya. Ndani yake kuna kipande chembamba kama ngozi ya ngoma, ambacho hupumua na mapigo ya injini na kuvuta petroli hata mashine ikiwa kichwa chini. Napenda sana kipande hicho. Ni kidogo, lakini bila hicho fundi mmoja asingeweza kuzunguka mti peke yake. Mwaka 1950 Stihl walitoa msumeno wa mtu mmoja wa kilo 16, mwaka 1959 wakatoa Contra wa kilo 12. Wamarekani kina McCulloch walikuwa wameshaanza kuuza wa kwao mwishoni mwa miaka ya 1940.

Na cheni je? Hii ndiyo hadithi ninayoipenda kuliko zote. Cheni za mwanzo ziliiga meno ya msumeno wa mkono. Zilikwaruza, zilichoka upesi, na kuzinoa ilikuwa kazi ya nusu siku. Mwaka 1946 huko Oregon, mkata miti mmoja aitwaye Joseph Buford Cox alimwona funza wa mdudu wa mbao akila kisiki. Funza hakwaruzi, anakata kushoto, anakata kulia, anasonga. Cox akatengeneza jino la cheni kwa mfano ule, na mwaka 1947 akaanza kuuza. Nenda leo kwenye duka lolote la spea hapa mjini, chukua cheni, itazame kwa karibu. Bado ni funza yule. Sisi wa kompyuta tunajisifu programu ikidumu miaka mitano.

Haya, turudi Mau. Tangu mwaka 1910 serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa shamba: mfanyakazi anapewa kipande cha msitu uliokatwa, analima viazi na mahindi huku akitunza miche ya serikali, na miche ikikua anahamishiwa kipande kingine. Kwa jasho la watu hao, ambao hawakuwahi kumiliki hata futi moja ya udongo ule, ndipo yalipatikana mashamba ya saipresi na misonobari ya Elburgon, Molo na Londiani. Miti iliyopandwa kwa mstari, ya umri mmoja, laini, iliyonyooka, tayari kuvunwa baada ya miaka kama 30. Ukiitaka mashine iliyoumbiwa miti ya namna hiyo, ni pawasoo ya mtu mmoja.

Sasa njoo mezani kwangu, maana historia hii haiko kwenye karatasi tu. Pawasoo kuukuu inasomeka. Ile isiyo na mpira wowote kati ya injini na mpini ni ya zamani kweli. Aliyeitumia alitikiswa mifupa mchana kutwa, na miaka ikipita vidole hufa ganzi na kuwa vyeupe. Ile isiyo na breki ya cheni ni ya kabla breki hizo hazijaenea, yaani kabla ya miaka ya 1970 kwenda mbele. Mpini uliofungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na kifuniko cha klachi kilichochomelewa mara tatu vinasema spea zilikuwa ghali na fundi hakukubali kushindwa. Alama hizo mimi sizifuti. Kuna wanaopiga rangi mpya mpaka mashine inang'aa kama ya dukani. Kila mtu na raha yake, ila kwangu huko ni kufuta kumbukumbu.

Kuhusu kuiwasha, mambo ni manne: mgandamizo, cheche, petroli, hewa. Nafuata mpangilio huohuo kila mara, kama ninavyotafuta kosa kwenye programu, na sigusi mambo mawili kwa pamoja. Vuta kamba taratibu. Ikikataa kidogo, mgandamizo upo. Cheche kwenye hizi za zamani hutoka kwa pointi zilizofichwa nyuma ya gurudumu la sumaku, na mara nyingi tatizo ni kutu tu. Tupa laini au hata noti ngumu inatosha. Halafu ile ngozi ya kabureta: ikikaa miaka 20 inakuwa ngumu kama kucha. Badilisha, usibembeleze.

Hewa ndiyo inayowasumbua wengi huku bondeni. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Molo karibu 2,500. Hewa ya Molo ina uzito kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa. Pawasoo iliyorekebishwa pwani ikifika Molo inapewa petroli nyingi kuliko hewa. Inatoa moshi, inalegea. Fundi anafunga skrubu kidogo, inachangamka. Hatari ni safari ya kurudi. Ukiishusha mashine ile pwani bila kufungua skrubu, inakula petroli kidogo mno, inapata joto, na pistoni inakwaruzika. Usilaumu mashine, ni kimo tu.

Mwaka 1999 serikali ilipiga marufuku ukataji katika misitu yake, isipokuwa kwa kampuni chache kubwa, Pan African Paper Mills, Raiply na Timsales zikiwemo. Viwanda vidogo vya mbao vilifunga milango. Lakini watu hawakuacha kujenga nyumba. Kazi ikahamia kwenye mashamba ya watu, kwenye saipresi za uani na mikaratusi ya mpakani, na pawasoo ikageuka kiwanda kizima. Kijana mmoja, mashine moja, kamba iliyochovywa kwenye oili chafu ya gari ili kupiga mstari juu ya gogo, kisha anapasua mbao kwa jicho. Ni ustadi wa ajabu na ni upotevu wa ajabu. Cheni inakula karibu sentimita nzima kila inapopita, na zaidi ya nusu ya gogo inaweza kuishia vumbi na mabanzi. Watafiti wa KEFRI wamehimiza fremu za kuongoza msumeno, nami naungana nao. Mashine nyingi ninazookota ziliuawa na kazi hiyo, maana kupasua gogo kwa urefu wake kunaitesa injini kuliko kukata mti.

Na Mau yenyewe? Mwaka 2001 zaidi ya hekta 61,000 za Mau zilitolewa kwenye orodha ya misitu kwa tangazo la gazeti rasmi la serikali. Hakuna pawasoo duniani inayoweza kasi hiyo. Kikosi kazi kilichotoa ripoti mwaka 2009 kilisema karibu robo ya Mau ilikuwa imepotea katika miongo miwili. Pawasoo ilikuwepo, siikingii kifua, lakini ilitangulizwa na kalamu. Februari 2018 marufuku mpya ilitangazwa, na Julai 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa, akiwa Molo hapohapo. Wiki ile bei ya pawasoo mbovu kwa wauza vyuma ilipanda, nikashindwa kununua hata moja.

Zangu hazikati msitu. Nyingi naziwasha dakika tano kwa mwezi, bila cheni, halafu namwaga petroli yote ili kabureta isigande. Ninachokosa sasa ni kauli za watu. Mafundi waliozifungua mashine hizi zikiwa mpya ni wazee sana, wengine wametutoka. Kama una babu au mjomba aliyefanya kazi kwenye viwanda vya mbao vya Elburgon, Maji Mazuri au Londiani, muulize walitumia mashine gani na nani aliwafundisha kunoa cheni, kisha niandikie. Kama ana kijitabu cha maelekezo, hata kilicholiwa na panya, nitapanda matatu kukifuata.