Daftari Kabla ya Bunduki

Ndugu wanajeshi na askari polisi, wengi wenu mmelinda barabara iendayo Bwera kutoka Kasese. Uasi wa milima ile ulianza kwa daftari. Katika miaka ya 1950 Isaya Mukirania, mwalimu wa shule ya msingi, aliunda chama cha kuchunguza historia na maisha ya Wakonzo. Hakikuwa chuo kikuu, lakini kazi yake ilikuwa ya kitaaluma. Walichokiandika kikageuka malalamiko: chini ya utawala wa Toro walinyimwa shule na kazi, na watoto wao walifundishwa kwa Kitoro. Mwaka 1962 wajumbe wao walitoka katika baraza la Toro. Vikosi vikapanda milima na kushuka kwa miaka 20.

Tarehe 15 Agosti 1982 Charles Wesley Mumbere, mwana wa mwalimu huyo, alishuka Kasese na kusalimisha silaha. Miongoni mwa aliyopewa ni nafasi ya masomo Marekani, akaenda mwaka 1984. Julai 1985 serikali iliyoahidi ilipinduliwa, karo ikakatika. Mfalme wa milimani akawa mtunza wazee na wagonjwa, kwa miaka mingi, hadi Uganda ilipoutambua ufalme wake mwaka 2009.