Mwenye na Mmiliki: Istilahi ya Umiliki wa Faili kwa Kuzingatia Historia ya Mifongo ya Kilimanjaro

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umejikita kwa muda mrefu katika mambo yanayoonekana kwenye skrini. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia programu za ofisini. Tabaka la chini, ambako mfumo huamua nani ni mtumiaji na faili ni la nani, halikuwa sehemu ya programu hizo. Neno mmiliki limeingia katika tabaka hilo bila kuhojiwa. Makala haya yanadai kwamba neno hilo linapotosha, na kwamba historia ya maji na ardhi katika miteremko ya Kilimanjaro inalionesha neno lililo bora zaidi.

Mifongo ni mifereji ya asili inayochepusha maji ya mito ya mlimani na kuyafikisha kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na, baadaye, kahawa. Sheria za kimila za Wachagga ziliandikwa kwa kina na Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Old Moshi, katika kitabu chake cha 1926. Sally Falk Moore alizichunguza upya katika utafiti uliochapishwa 1986. Mfongo ulihesabiwa kuwa wa ukoo ambao mhenga wake aliuchimba. Waliojiunga katika kazi ya kuuchimba na kuusafisha walipata zamu ya maji. Asiyefika kazini alitozwa faini au alinyimwa zamu. Walio nje ya duara hilo walipaswa kuomba. Aliyepanga zamu na kuita watu kazini aliitwa meni mfongo, jina ambalo kwa umbo na maana liko jirani na mwenye la Kiswahili. Alikuwa mwenye mfereji kwa maana ya kuubebea dhamana. Kihamba nacho kilikuwa na haki za tabaka kadhaa: kahawa ilikuwa ya mume, ndizi zilikuwa mikononi mwa mke, na urithi uliwaelemea kifungua mimba na kitinda mimba.

Miliki ni neno la asili ya Kiarabu, na milki katika Kiswahili ni pia himaya ya mtawala. Masikioni mwa wengi, mmiliki ni mtu aliyekinunua kitu, awezaye kukiuza au kukivunja. Inafaa kukumbusha kwamba hata sheria ya Tanzania haimpi mmiliki wa ardhi uwezo huo wote: chini ya sheria za ardhi za 1999, ardhi yote ni ya umma na imewekwa mikononi mwa Rais kama mdhamini, na hakimiliki ya kimila inayotolewa kijijini ni haki ya kukaa na kutumia. Istilahi ya kompyuta, hata hivyo, haikulichukua neno kutoka katika sheria. Ililichukua kutoka sokoni.

Katika Unix, mfumo ambao Linux iliufuata tangu 1991, toleo la kwanza la 1971 lilitambua mwenye faili na wasio mwenye tu. Kikundi kiliongezwa baadaye. Ngazi hizo tatu, mwenye, kikundi na wengine, zingeeleweka mara moja kwa mtu aliyekulia kando ya mfongo.

Tatizo la neno mmiliki hudhihirika zaidi katika Linux inayojengwa kwa ajili ya vifaa vidogo, kama vile ruta za intaneti. Mfumo wa kifaa cha namna hiyo hujengwa kwanza kwenye kompyuta nyingine, kisha hupakiwa ukiwa mzima. Akaunti huundwa na kila faili hupewa mwenye kabla kifaa hakijawashwa, wakati hakuna mtu yeyote anayekitumia. Tena faili halihifadhi jina la mwenyewe, huhifadhi namba. Majina yamo katika orodha ya akaunti, mahali pengine kabisa. Wajenzi wanaotumia zana za Yocto wanaijua hatari yake: akaunti za huduma zisipopewa namba za kudumu, toleo jipya laweza kuzipanga upya, na mafaili yaliyoachwa na toleo la zamani yakajikuta chini ya huduma nyingine. Hatari ya pili ni namba ya mjenzi mwenyewe, ambayo mara nyingi ni 1000, kuponyoka na kubaki ndani ya mfumo. Mtu wa kwanza atakayefunguliwa akaunti ya kawaida kwenye kifaa, akipewa namba hiyo hiyo, atarithi mafaili asiyoyajua, kwa nasaba ya tarakimu. Ndiyo maana zana hizo hutumia programu ya pseudo, inayoyaandikisha mafaili kwa namba 0 bila mjenzi kushika mamlaka halisi ya msimamizi mkuu, na huweka ukaguzi wa kusaka namba zilizoponyoka.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mmiliki ni bwana wa mali huweza kukiona kizuizi cha ruhusa kuwa dhuluma, naye akalifungua faili kwa wote. Aliyefundishwa kwamba huduma ni mwenye faili, kama meni alivyokuwa mwenye mfongo, atauliza kwanza zamu ni ya nani.

Pingamizi la kisarufi lipo, na ni zito. Kumiliki huzaa umiliki na kumilikisha, ilhali mwenye hakizai kitenzi chochote, na amri ya kubadili mwenye faili inahitaji kitenzi. Kumilikisha kungerudisha maana ya soko kwa mlango wa nyuma. Kukabidhi kunafaa zaidi: ni kitenzi cha dhamana, na sheria ya Tanzania inacho tayari katika cheo cha Kabidhi Wasii, anayesimamia mali za marehemu bila kuwa zake. Umiliki unaweza kubaki kama jina la mada, jinsi ulivyobaki katika kichwa cha makala haya. Kwa faili lenyewe, mwenye na kukabidhi vinatosha.